Kumi ni ya Mungu

Mwalimu alikuwa na kipimo chake cha mji. Mji, alisema, ni mahali popote ambapo mtu mwenye akili timamu na mikono miwili ananunua mchicha. Kwa kipimo hicho Mbinga ulikuwa mji mdogo, Songea mji kamili, na Dar es Salaam haukuwa mji tena bali ugonjwa. Kijiji chetu, kilichojibanza ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mwendo mfupi kutoka Liuli, kilikuwa salama. Mwaka mmoja mama fulani alianza kuuza mchicha karibu na kanisa, na Mwalimu akapita pale siku tatu mfululizo, mikono nyuma, akimtazama tu kama mtu anayekagua ufa kwenye ukuta wa nyumba yake. Siku ya nne yule mama akahamia kwenye vitumbua.

Hoja yake ilikuwa fupi na alitupatia tangu tukiwa darasa la nne. Mtu hubuni kwa sababu kitu hakipo. Mjini kila kitu kipo. Kwa hiyo mtu wa mjini hana haja ya kubuni, na kiungo kisichotumika hunywea, kama mguu uliofungwa plasta. Alifundisha stadi za kazi katika shule yetu ya msingi, somo ambalo walimu wengine walilitumia kufagilia uwanja, lakini yeye alilifanya liwe somo la dini. Tulisuka, tulichonga, tulifinyanga, na tuliambiwa kwamba kila kikapu kibaya ni bora kuliko ndoo nzuri ya dukani. Nyumbani kwake maji yalikuwa kwenye ndoo ya dukani. Tuliiona, na hatukusema.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake kipenzi, jambo ambalo lilinigharimu. Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma uchoraji Dar es Salaam, wazazi wangu walipika wali na kuku, majirani wakaja, wakanishauri nijiepushe na wezi na wanawake. Mwalimu aliposimama hakutaja wezi wala wanawake. Alisema nitakuwa nikirudi likizo, na kila nikirudi atanipima, kuona kama bado ninaweza kubuni au nimeshakuwa mtu wa kununua.

"Na siku utakayopata sifuri," akasema, "usirudi tena kunisalimia. Nitakuwa nimeshakulilia."

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini nilimjua. Yule mtu aliwahi kukataa kumsalimia fundi cherehani mwaka mzima kwa kununua vifungo.

Basi ikawa hivyo, kila likizo, kwa miaka zaidi ya ishirini. Nilikuwa nikifika, naoga, nakula ugali wa muhogo kwa mbasa, samaki wa ziwa letu, nyumbani kwa mama yangu, kisha naitwa. Mwalimu alikuwa na gunia la mtihani chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na vipande vya mianzi, nyaya, vibuyu vilivyopasuka, kandambili zisizo na wenzake. Aliingiza mkono bila kutazama, akatoa vitu viwili au vitatu, akanirushia. Kisha alifungua kopo la zamani la kahawa, akatoa saa ya mkono isiyo na mkanda, akaiweka mezani. Saa moja. Masharti yalikuwa matatu: kitu kifanye kazi, kisiwe kimewahi kuonekana, na mtu mmoja acheke. Nilimuuliza mara moja kwa nini mtu acheke. Alisema kitu kipya kikija duniani bila mtu kucheka, ujue hakijafika, kimenunuliwa.

Alama aliziandika kwenye daftari la mistari. Zilihesabiwa kati ya kumi, lakini usidanganyike. Kumi ilikuwa ya Mungu. Tisa ilikuwa ya Mwalimu mwenyewe. Nane, alisema, bado hajampata mwenye nayo. Kwa hiyo juu kabisa palikuwa na saba, na saba niliipata mara moja tu, kwa kipepeo cha kupepea jiko, cha waya na kandambili kilichofungwa kwenye mkia wa mbuzi. Kilifanya kazi vizuri sana, ila pale tu mbuzi alipofurahi.

Alikuwa Mmatengo wa milimani, na hilo ndilo pekee la nasaba nitakalolisema, kwa sababu bila hilo hutaelewa habari ya bata. Kule kwao, kwenye miteremko mikali, watu hulima ngoro: hukata majani, huyapanga kwa miraba, huyafunika kwa udongo, na katikati ya kila mraba hubaki shimo. Mlima mzima huonekana kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hunaswa mashimoni na udongo haushuki. Mwalimu aliamini kwamba binadamu hajawahi kuvumbua kitu kikubwa kuliko ngoro, na aliipanga juu ya redio, suruali na mashine ya kukoboa.

Alipohamishiwa kwetu ufukweni, wiki ya kwanza tu aliwatoa darasa la sita na majembe kwenda kuchimba ngoro katika bustani ya shule. Bustani ile ilikuwa tambarare kama chapati, na maji yalikuwa chini kidogo tu ya mchanga. Wazee wa hapo walisimama kando wakatazama. Hakuna aliyesema kitu, kwa kuwa mgeni huachwa amalize. Mvua ya kwanza iliponyesha, mashimo yalijaa maji kutoka juu, na yakajaa pia kutoka chini. Mahindi yalioza. Vyura walikuja, na nyuma ya vyura wakaja bata wa katekista, wote, na wakakataa kurudi nyumbani. Siku hiyohiyo afisa elimu alifika kwa ukaguzi, akasimama ukingoni mwa lile sega la maji, akauliza hili ni somo gani. Mwalimu alitazama mashimo, akatazama bata.

"Ufugaji," akasema.

Ni kosa ambalo Mmatengo peke yake angeweza kulifanya, na tangu mwaka ule shule yetu ilikula mayai.

Alioa hapohapo. Mkewe, tuliyemwita Mama Mwalimu, alikuwa Mnyasa, Mwanglikana, mwanamke mpole mwenye makochi mawili na vitambaa vya kufuma ambavyo aliviheshimu kuliko wageni waliovikalia. Mwalimu alikuwa Mkatoliki, lakini alisema Ukatoliki wake unaishia pale barabara inapoanza kuteremka kwenda ziwani. Walielewana kwa kila jambo isipokuwa ubunifu wake, ambao kila mara ulianzia kwenye vitu vya Mama.

Mwaka wa kunguru, kwa mfano. Tulikuwa tukianika dagaa wetu, wanaoitwa usipa, kwenye vichanja ufukweni, na kunguru wakawa wanachukua fungu lao kabla yetu. Mwalimu alitafakari siku mbili, kisha akavifunika vichanja vyake kwa vitambaa vyote vya makochi. Kunguru walishindwa. Jua lilipita kwenye matundu ya vitambaa, na wale dagaa wakakauka wakiwa na maua mgongoni. Sikutanii. Wanunuzi kutoka Tingi walifika na kuulizia wale wenye maua. Mama Mwalimu alivifua vitambaa mara tano, akavirudisha kwenye makochi, na Jumapili iliyofuata mchungaji akaja kunywa chai, akakaa, akaegemea. Alipoondoka kwenda ibadani paka watatu wa jirani walimfuata mpaka ndani ya kanisa, na mmoja alimsubiri madhabahuni.

Mama Mwalimu alimpikia mumewe ugali mtupu, akauweka mezani juu ya kitambaa.

Kama kulikuwa na jambo moja ambalo Mwalimu hakulifanyia mzaha ni shikamoo. Asubuhi tulisimama na kuimba "Shikamoo Mwalimu," na kama sauti ilikuwa legelege tulirudia mpaka wavuvi waliokuwa majini waitikie. Hata nilipokuwa mtu mzima, mwenye mke, mwenye mvi mbili tatu, nilipompigia simu alipokea na kukaa kimya. Nilisikia pumzi yake tu, na salio langu likiteketea, mpaka nilipotoa shikamoo yangu. Hapo ndipo alipojibu "Marahaba, kijana," na dunia ikaendelea. Aliwahi kuniambia kwamba shikamoo hupanda mlima, haishuki, na kwamba siku mkubwa akimwamkia mdogo, samaki wataanza kuvua watu.

Kuhusu kazi yangu alikuwa na maswali. Mimi huchora lebo za bidhaa, zaidi za maji ya kunywa. Nilipomweleza mara ya kwanza tulikuwa tumekaa ufukweni, ziwa lote mbele yetu.

"Unachora maji?"

"Nachora lebo ya chupa ya maji, Mwalimu."

"Na kwenye lebo kuna picha ya nini?"

Ilinibidi nikiri kwamba kuna picha ya maji.

"Kwa hiyo mtu wa mjini akishika chupa iliyo wazi, anayaona maji, bado anahitaji picha ya maji ili asadiki." Alilitazama ziwa muda mrefu, kwa huruma. "Poleni."

Sasa nieleze unafiki wake, maana nampenda na sitaki umfikirie malaika. Kila mwisho wa mwezi Mwalimu alikwenda Mbinga kufuatilia mambo ya ofisini. Mambo hayo yalichukua saa moja. Yeye alichukua siku tatu. Alirudi amechoka, viatu vyekundu kwa vumbi, akitusimulia upumbavu wa mji kwa undani ambao mtu anayechukia mji hawezi kuwa nao. Alimwona mkaanga chipsi aliyegeuza ringi ya lori kuwa jiko. Alimwona fundi viatu aliyetengeneza kiti kutoka tairi, kinachozunguka. Huko Kitai, pale mabasi ya Songea yanaposimama, alimwona mwanamke anayeuza ndizi kwa kuzinyanyua mpaka dirishani juu ya fimbo yenye panda, bila kuachia hata ndizi moja kabla hajashika chake. Haya yote aliyasema kama ushahidi kwamba mji umeoza, na macho yalikuwa yakimng'aa.

Mama Mwalimu ndiye aliyegundua. Siku moja mbele yangu, akichambua mboga, alianza kuhesabu taratibu. Kile kichanja cha maua kilikuja baada ya Mbinga. Bomba la mianzi la kuleta maji jikoni, baada ya Mbinga. Mlango wa banda unaojifunga kwa jiwe, baada ya Mbinga. Mwezi ule barabara ilipokatika kwa mvua na Mwalimu hakwenda popote, alibuni nini? Alilala.

"Wewe mji unautukana," akasema, "lakini ndio mbolea yako."

Mwalimu hakuzungumza naye kuanzia Jumanne mpaka Alhamisi. Ijumaa alikwenda Mbinga.

Mimi ningefurahi kuamini maneno ya Mama, kwa sababu nilikuwa na hofu. Ilikuwepo miaka ambayo kichwa changu kilikuwa kitupu kabisa. Nilikuwa nikikaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi, na kila nilichochora bosi alisema kizuri, ila kifanye kifanane na cha wale wengine. Nikakifananisha. Likizo ilipokaribia, nilijipima peke yangu chumbani kwa kandambili na waya, saa moja nzima, nikatoa kandambili yenye waya. Nililala chali nikiwaza kwamba yule mzee alikuwa na haki tangu mwanzo na mimi ndiye mguu uliofungwa plasta.

Basi nikafanya jambo la aibu. Nilinunua kifaa cha kumenyea viazi, kitu kidogo chenye wembe unaocheza, nikavunja mpini, nikakizungushia waya kukificha, nikasafiri nacho. Saa ya mtihani nilijifanya kuhangaika na mianzi, nikakitoa kwenye mfuko wa suruali dakika za mwisho. Mwalimu alimenya muhogo mmoja. Akakinusa. Akaufungua ule waya kwa ukucha, pole pole, mpaka herufi za kiwandani zikaonekana.

Nilisubiri sifuri yangu. Nilikuwa mtu wa miaka thelathini na minne, nimesimama kama mtoto wa darasa la nne. Akachukua daftari, akafikiri sana, akaandika: robo.

"Umebuni uongo," akasema. "Dhaifu. Lakini kwa hapa kwetu haujawahi kuonekana."

Nilimshukuru Mungu kwa ile robo kuliko cheti chochote. Kwa kuwa ilinibakishia ruhusa ya kurudi, na nilihitaji kurudi kuliko nilivyojua.

Mama Mwalimu alifariki mwaka juzi. Sitasema mengi. Nilifika siku ya pili ya msiba, na makochi yalikuwa yametolewa nje kwa ajili ya waombolezaji, vitambaa juu yake, na Mwalimu alikuwa akizunguka akivinyoosha kimoja kimoja. Baada ya hapo miguu yake ilianza kuvimba, na binti yao wa pekee, ambaye nilisoma naye, akamchukua akaishi naye. Binti huyo anaishi Mbinga, mjini. Nyumba ina ukuta, ina geti jeusi la chuma, na ua wote umetandazwa pevingi, yale matofali madogo ya saruji, mpaka kwenye mizizi ya ua waridi.

Kwenye simu Mwalimu alibadilika. Shikamoo niliitoa, marahaba niliipata, kisha basi. Hakutukana mji. Hilo lilinitisha zaidi. Binti yake aliniambia kwamba baba amepoa, kutwa anakaa barazani akitazama geti. Kule ziwani watu walikuwa wakipita mlangoni tangu alfajiri, kila mtu na hodi yake, na ugomvi wake, na swali lake. Hapa hodi inagonga chuma na kurudi ilikotoka.

Nilikwenda mwaka jana, msimu wa kuanika kahawa. Basi lilisimama Kitai, nikanunua karanga na chupa ya maji, nikashuka Mbinga asubuhi nimeishika chupa ikiwa imeisha. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti alilopewa na shule alipostaafu, magoti yamefunikwa khanga ya marehemu. Tulisalimiana kwa utaratibu. Binti yake, kabla ya kwenda kazini, alitutengea ugali na mboga. Mwalimu alikula kidogo, akanyanyua tonge, akalitazama.

"Huu mchicha umenunuliwa," akasema.

Akalitia mdomoni, akatafuna.

"Na mtamu," akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeungama.

Baada ya kula nilisubiri gunia. Nilijiandaa mwaka mzima. Lakini alilitoa lile kopo la kahawa, akaitoa saa, na badala ya kuiweka mezani akaniwekea mimi mkononi, pamoja na daftari.

"Leo sikupimi. Nipime mimi."

"Mwalimu, mimi siwezi."

"Nimekaa hapa miezi minane. Sijabuni kitu. Hata uongo." Alitazama geti. "Nilisema mji unaua, watu wote wananukuu. Sasa nataka kujua kama nimeshakufa. Nikipata sifuri usinifiche."

Nilitafuta vifaa. Ule ua ulifagiliwa mpaka hapakuwa na kijiti. Hapakuwa na waya, hapakuwa na mwanzi, hata kandambili zote zilikuwa na wenzake. Nilichokuwa nacho ni ile chupa tupu ya maji. Nikampa. Aliigeuza, akaisoma lebo kwa kuisogeza mbali na macho.

"Hii ndiyo ya kwako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umechora maji."

"Nimechora maji."

Nikaanza kuhesabu saa. Nusu saa nzima aliishika ile chupa bila kufanya kitu ila kuiminya, na chupa ikitoa mlio mdogo wa plastiki. Nilijua yaliyomo kichwani mwake, kwa kuwa niliwahi kulala nayo chumbani kwangu. Sasa na mimi niungame: alipogeuka kando nilirudisha nyuma mshale wa saa dakika kumi. Nilifanya hivyo bila kufikiri, na ningefanya tena.

Nje ya geti watu walikuwa wakipita. Tulisikia vicheko, pikipiki, mtu akimsimulia mwenzake habari za harusi fulani, na kila sauti ilipopita Mwalimu aliinua kichwa, kisha akakishusha. Mara ya tano au ya sita hakukishusha. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na kisu. Alikata kitako cha chupa. Akatembea pole pole mpaka getini, ambako kuna tundu la kupitishia mnyororo wa kufuli, akaipitisha shingo ya chupa nje, tumbo likabaki ndani. Akainama. Akaingiza mdomo wote kwenye chupa yangu, akasubiri.

Msichana mmoja wa sekondari alikuwa akipita.

"Shikamoo," ikasema chupa, kwa sauti nzito ya mzee.

"Marahaba," akajibu yule binti, maana ukiamkiwa unaitika, mdomo haungojei akili. Nilimsikia akipiga hatua mbili. Kisha akasimama. Akarudi, akachungulia kwenye upenyo wa geti, na jicho lake likakutana na mzee wa mvi tupu aliyeinama mdomo chupani.

"Jamani, babu, shikamoo, nisamehe, sikujua!" Alisema yote kwa pumzi moja, akapiga goti hapohapo barabarani, kisha akaanza kucheka na hakuweza kuacha. Aliondoka akicheka mpaka kona.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya pevingi, nimeshika mbavu. Mtu aliyetuambia shikamoo haishuki mlima alikuwa ameitelemsha mwenyewe kwa chupa. Yeye hakucheka. Alinionyesha kidole nitulie, kwa kuwa mwingine alikuwa akija.

Huyo alikuwa mama mtu mzima mwenye beseni kichwani. Akaamkiwa, akaitikia, akasimama, akarudi na matusi madogo ya kistaarabu, akachungulia, na ilibidi alitue beseni chini ili acheke vizuri. Mwalimu akafungua geti. Kwenye beseni mlikuwa na mchicha.

Nilidhani sasa tutasikia hotuba. Lakini Mwalimu aliuliza tu mchicha huo unalimwa wapi. Yule mama akasema nyuma ya chumba chake alichopanga, mahali ambapo hata kitanda hakitoshi. Anajaza magunia udongo, anayasimamisha, anayatoboa ubavuni kuanzia chini mpaka juu, anapanda kila tundu, na katikati anaweka mawe ili maji yashuke polepole.

"Nani alikufundisha?" akauliza Mwalimu.

"Anifundishe nani, baba? Nafasi hakuna."

Mwalimu alikaa kwenye kiti. Alimwomba amweleze tena habari ya mawe ya katikati. Akauliza matundu yanaachana kiasi gani, na maji yanayoshuka yanaishia wapi, na kama hajafikiria kuchimba vishimo vidogo kuzunguka gunia ili yasipotee. Yule mama hakuwa amefikiria. Wakabishana. Chai ikapikwa, na nilikuwa mimi niliyeipika, kwa sababu hakuna aliyenikumbuka. Alipoondoka aliahidi kurudi kesho na gunia, na akamwonya mzee asiwaamkie watu wazima ovyo, watapata laana.

Tulibaki wawili. Mwalimu alikuwa akitazama ule ua wa pevingi kwa jicho ambalo binti yake, kama angelijua, angerudi kutoka kazini mbio.

"Kwa hiyo mji?" nikamuuliza.

"Mji haujafanya kitu. Ni geti." Kisha akasema, bila kunitazama, "Mama aliniambia. Ile habari ya mbolea. Alikuwa sahihi." Alinyoosha khanga magotini. "Usimwambie."

Nilimwahidi sitamwambia. Nikafungua daftari ili nisionekane macho. Kilikuwa kimefanya kazi, hakijawahi kuonekana, na mtu alicheka, tena watatu. Nikaandika kumi. Alinyoosha mkono, akasoma, akaniambia kumi ni ya Mungu, nirekebishe. Nikaandika tisa, nikamkumbusha kwamba tisa ni yake tangu zamani.

"Tisa ni ya Mwalimu. Leo nilikuwa mtahiniwa." Akachukua kalamu, akaifuta tisa akaandika nane. Kisha akarudi nyuma kurasa nyingi, mpaka mwaka wa mbuzi, akaitafuta ile saba yangu. Akaiongezea moja. "Chupa ilikuwa ya kwako," akasema. "Na saa umeichezea, niliona. Hiyo nimekusamehe."

Tulizitazama zile nane mbili mpaka wino ukakauka.

Jua lilipoanza kuinama niliaga, maana basi la Songea halingoji mtu. Alikataa kunisindikiza, akasema miguu. Nikatoka, nikavuta geti nyuma yangu, nikaweka begi begani. Nilikuwa nimeshapiga hatua ya kwanza.

"Shikamoo," ikasema chupa.

Niliujua ule mtego. Nilikuwa nimeucheka mchana kutwa. Na bado, kabla akili yangu haijafika, mdomo wangu mwenyewe ulimjibu Mwalimu wangu: "Marahaba."

Nilisimama pale barabarani, mtu mzima na begi lake, uso ukiwaka kwa aibu na kwa furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye kazi yoyote ya mikono yangu. Nyuma ya geti nilimsikia, kwa mara ya kwanza siku ile, akicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akanywa maji, akaendelea.